Jani la mkoma halisokotwi likiwa bichi

Samaki mkunje angali mbichi. Ngozi ivute ili maji. Methali hizi mbili karibu kila mtoto aliyesoma Kiswahili humu nchini amewahi kuzitungia sentensi, na zote mbili zafundisha jambo moja: kitu kifanyie kazi kingali kibichi, kikikauka umechelewa.

Sasa, msomaji mpenzi, chukua jani la mkoma lililokatwa asubuhi ya leo, ulipasue vipande, uvisokote kamba, kisha umfunge mbuzi wako. Kamba itakuwa nzuri ajabu. Itang'aa, itakaza, nawe utajisifu mbele ya watoto. Baada ya juma moja hivi utaikuta imelegea kama soksi kuukuu, nyuzi zimeachana, na mbuzi yuko katika shamba la jirani.

Jani halifuati sheria ya samaki. Jani hukaushwa kwanza, likakauka kweli kweli, ndipo likaloweshwa kidogo na kusokotwa. Ukiuliza kazi ya kamba iko wapi, wengi watakuonyesha vidole vinavyosokota. Mimi nasema iko pale uani, katika zile siku ambazo majani yamelala juani na hakuna anayeonekana kufanya lolote. Na mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni njia iendayo kaskazini kutoka Mombasa hadi visiwa vya Lamu. Kama una likizo ya Agosti au Desemba na watoto wamechoka kutazama televisheni, fuatana nami.

Mkonge wa Vipingo

Panda basi la alfajiri, na ukae dirishani. Ukishavuka daraja la Nyali na kuipita Mtwapa, nyumba zitaanza kupungua, na kabla ya kufika Kilifi utaingia katika mashamba ya mkonge ya Vipingo. Mimea yenyewe imepangwa safu kwa safu, kila mmoja kama fungu la mapanga yaliyochomekwa ardhini, hadi macho yachoke kutazama.

Mkonge ni mgeni kwetu. Asili yake ni Mexico, na jina lake la Kizungu limetokana na bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dkt Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani, ili vipandwe katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hivyo 62 ndipo mashamba makubwa ya Tanga yalipochipuka, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukawa umekwisha kuingia Kenya pia.

Nakuonyesha mkonge kwa sababu nao ni kamba ya jani, lakini mambo yake ni kinyume na ya mkoma. Jani la mkonge halingoji. Likishakatwa hupelekwa kiwandani upesi, likapondwa na kuparuliwa nyama yake yote lingali bichi, nyuzi zikaoshwa kwa maji, ndipo zikaanikwa juani juu ya nyaya. Ukilikausha jani zima kabla ya kuliparua, nyama hugandamana na nyuzi, nawe umepata ukuni tu. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zinazopatikana ni kama kilo nne. Zilizobaki ni maji na makapi.

Wazazi waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 hawahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wao walitumwa kuleta jani la mkonge shuleni kwa somo la sanaa, wakaliparua kwa panga juu ya ubao, na bila shaka wanakumbuka namna utomvu wake unavyowasha mikono hadi jioni. Muulize baba yako, atakueleza.

Kwa miaka mingi mkonge ulifunga mizigo ya dunia nzima. Kisha, kuanzia miaka ya 1960, kamba za nailoni na plastiki zikaja na kuushusha bei. Mashamba mengi yaligeuzwa kuwa ya mazao mengine au viwanja vya nyumba. Haya ya Vipingo ni miongoni mwa yaliyosalia.

Kuingia nchi ya mikoma

Malindi usikae sana, ila kwa chai na mahamri. Kutoka hapo basi laelekea Garsen, na mandhari hubadilika. Minazi yapungua. Tambarare za Mto Tana zafunguka pande zote, na juu ya nyasi watokea mti ambao mtoto wako ataupigia kelele: mnazi wenye matawi!

Huo si mnazi, ni mkoma. Mnazi hauna tawi, wala mvumo hauna, lakini mkoma hugawanyika mara mbili kama manati, kisha kila tawi likagawanyika tena, na juu ya kila ncha kuna shada la majani yaliyochanua mfano wa feni. Matunda yake, makoma, ni ya rangi ya kahawia na magumu. Watoto huyaguguna ganda la nje kwa utamu wake, na ndovu nao huyapenda. Kuna jamaa yake mfupi ambaye hukua vichaka vichaka karibu na bahari. Naye pia watu humwita mkoma, na majani yake hufaa kazi ile ile. Karibu na maji utauona mkindu, ambao ni jamii ya mtende. Ukindu ni laini na mwembamba, ndio wa mikeka mizuri ya kulalia na misala. Majani ya mkoma ni mapana na yenye nguvu zaidi. Hayo ndiyo ya majamvi, makapu na kamba, na yakishapasuliwa huitwa miyaa. Kipande kimoja ni mwaa.

Katika miaka ya 1990 sehemu hii ya safari haikuwa ya kutalii. Majambazi walivamia magari, na mabasi ya Lamu yalisafiri kwa misafara huku yakilindwa na polisi wenye bunduki. Barabara ilikuwa ya mchanga na matope. Leo kuna lami, ingawa vizuizi vya polisi bado vipo na kitambulisho usikisahau nyumbani. Ulizia hali ya usalama kabla ya kukata tiketi. Ukishaupita Witu, jiandae kushuka Mokowe, ambako bara huishia na mashua huanza.

Mashua isiyo na msumari

Mji wa Lamu, ambao wenyeji huuita Amu, uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na mengi yameandikwa juu yake. Milango, punda, vichochoro: hayo yote utayaona mwenyewe. Mimi nakupeleka moja kwa moja hadi jumba la makumbusho lililo kando ya bahari. Watalii wengi huenda kutazama siwa, ile pembe kubwa ya ndovu iliyotoka Pate. Itazame, kisha uende kwenye mifano ya mitepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa hivi, na hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa matundu na kushonwa kwa kamba kama mtu anavyoshona kiraka. Hata tanga halikuwa la kitambaa bali la mkeka wa majani, la mraba. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea, wataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo watu wa hapa walikuwa wakiyategemea maisha yao kwa kamba kwa muda wa karibu miaka 2,000. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Fikiri jambo hilo kidogo. Uko katikati ya bahari ya kaskazi, na kitu pekee kinachozuia ubao usiachane na ubao ni kamba iliyotengenezwa na binadamu mwenzako. Kamba ikilegea, umezama. Hapo kukausha na kulowesha si ufundi wa mapambo.

Kamba ya kushonea mbao, kwa kweli, haikuwa ya jani. Ilikuwa ya makumbi ya nazi. Kumbi lina tabia yake ya tatu: halikaushwi kwanza kama mwaa wala haliparuliwi bichi kama mkonge, bali huozwa. Makumbi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapigwa kwa rungu hadi nyuzi ziachane, ndipo zikaoshwa na kuanikwa. Kamba yake haiogopi maji ya chumvi. Kazi ya bahari ni ya kumbi; kazi ya nchi kavu, mkekani na nyumbani, ni ya mwaa.

Maji yakijaa

Ili kuwaona wasukaji wenyewe, vuka hadi kisiwa cha Pate. Mashua za abiria hutoka Amu kwa kufuata maji wala si saa ya mkononi. Mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, hauna kina cha kutosha maji yakipwa. Kwa hiyo ukiambiwa mashua inaondoka alfajiri, fika alfajiri. Huko mbele utashuka Mtangawanda na kupanda bodaboda hadi Siyu.

Siyu ni mji mdogo wenye historia kubwa. Una ngome ya karne ya 19 iliyojengwa kando ya ghuba ya mikoko, na watu wake waliyashinda majeshi ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1840. Ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wa ngozi, ambao viatu vyao vingali vyatafutwa. Ndio maana nasema methali ya ngozi haina ubishi hapa. Lakini ingia kichochoro kimoja tu kutoka kwa fundi wa viatu na utakuta sheria imegeuka.

Kabla hujaingia ua wa mtu, piga hodi ungoje. Mwenye nyumba umwite Bi au mama, hata kama hakuzidi sana kwa umri. Sabalkheri ya asubuhi hufungua mlango upesi kuliko kamera. Picha omba kwanza. Ukikataliwa, kaa kitako utazame tu. Macho hayana filamu ya kwisha.

Linalokatwa si jani lililochanua. Hilo limekwisha kukomaa, ni gumu, na hufaa kwa kazi nzito tu. Linalotakiwa ni lile changa la katikati, ambalo bado limejikunja kama mwavuli uliofungwa, rangi yake kati ya kijani hafifu na maziwa. Mkataji hulikata kikonyo bila kukigusa kiini kinachotoa majani mapya. Kila ncha ya mkoma ina kiini kimoja tu. Hicho kikikatwa, ncha hiyo imekufa.

Jani likifika nyumbani hufunguliwa mkunjo kwa mkunjo, kila mkunjo ukawa mwaa mmoja, na miyaa huanikwa mahali palipofagiwa pakavu penye upepo. Siku ya kwanza kingo hujikunja kwa ndani na kijani huanza kupauka. Jioni miyaa huanuliwa yote. Hapa ndipo mtu wa mjini angeshindwa, maana angesema: si itakauka tu hata ikilala nje? Umande wa usiku mmoja watosha kuitia madoa meusi, na doa jeusi ni mwanzo wa kuvu. Kwa hivyo huanikwa asubuhi, ikageuzwa mchana, ikaanuliwa jioni, kesho tena. Wingu likitanda baharini, kazi yoyote nyingine huachwa, hata kama wali uko motoni.

Katika majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua ni kali na upepo mkavu, na siku tatu hadi tano huweza kutosha. Masika yakiingia baada ya hapo, jani hilo hilo huweza kukaa juma zima na zaidi bila kukauka vizuri. Mwenye busara hukausha akiba yake ya mwaka wakati wa kaskazi, akaifunga matita na kuitundika juu darini mbali na unyevu wa sakafu.

Jua lenyewe nalo lina mipaka. Mwaa ulioachwa juani mno hupoteza nguvu na kuvunjika kama tambi. Anayetaka rangi ya kijani isipotee huanika kivulini. Anayetaka weupe wa mkeka huanika juani. Kwa kamba, rangi si hoja, hoja ni kwamba jani liwe kavu hadi ndani. Namna ya kujua ni rahisi. Uchukue mwaa, uukunje mara mbili kati ya vidole karibu na sikio. Ukinywea kimya, bado una maji. Ukitoa mlio wa karatasi, umekwisha kuwa tayari.

Kwa nini taabu yote hii? Jani bichi limejaa maji. Maji yakitoka, jani hupungua upana na unene wake, na litapungua tu, upende usipende. Ukilisokota kabla halijapungua, litapungua ndani ya kamba. Kila uzi utakonda mahali pake, nafasi itabaki kati ya uzi na uzi, na kamba itacheza. Ukilikausha kwanza, kule kukonda kwote humalizika kabla ya kazi kuanza. Ndivyo ilivyo hata kwa mbao za seremala: mlango wa mbao mbichi haufungi vizuri mwaka wa pili.

Lakini jani kavu halisokoteki, litavunjika. Basi usiku wa kuamkia kazi, chane hunyunyiziwa maji na kufungwa ndani ya kitambaa au gunia lililoloweshwa, au huachwa nje kidogo zipate umande. Ule ule umande ulioogopwa juma lililopita sasa ni rafiki! Asubuhi mwaa huwa mlaini kama utepe. Usiulowe chapachapa, kwa maana hapo utavimba tena na kukurudisha kwenye taabu ya jani bichi. Unyevu unaotosha kupinda, basi.

Kusokota na kusuka

Mwaa hutolewa uti, ukachanwa kwa ukucha au ncha ya kisu vipande vya upana mmoja. Hizo ndizo chane. Mtu akisuka chane nyingi pamoja apate utepe mrefu, huo ni ukili. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka, jamvi au kapu. Utepe mwembamba wa kufumia kitanda huitwa shupatu. Ukambaa ni kamba ya kusuka, kama nywele za msichana. Ugwe ni uzi mwembamba wa kusokota.

Kusokota kuna siri yake moja, na kila mwanafunzi wa fizikia ataifurahia. Shika chane mbili. Kila moja izungushe upande wa kulia, peke yake, hadi itake kujikunja. Kisha zote mbili zizungushe pamoja upande wa kushoto. Kila chane sasa yataka kujifungua kwa kurudi kushoto, lakini kurudi huko ndiko kunakozidi kuikumbatisha na mwenzake. Zinapigana, na kwa kupigana zinashikana. Chane ikikaribia kwisha, nyingine huingizwa juu yake kabla haijaisha. Na kamwe zote mbili haziunganishwi mahali pamoja, kwa kuwa kamba hukatikia pembamba.

Kamba za mwaa hufunga mizigo, mbuzi na nyua. Makuti yanayoezekwa juu ya nyumba, ambayo ni ya mnazi, hushonwa kwenye fito zake kwa miyaa. Na kitanda cha kamba, ambacho wengi wetu tuliolelewa na nyanya zetu wa pwani tulilalia, kililegea baada ya miezi na kukazwa tena kwa kuvuta kamba upya kutoka mguuni hadi kichwani. Godoro la sponji likibonyea, hakuna wa kulikaza.

Rangi sitaieleza sana, maana kamba haihitaji. Itoshe kusema kwamba kabla ya rangi za dukani kuenea, nyeusi ilipatikana kwa mizizi ya mdaa, hudhurungi kwa magome ya mikoko na njano kwa manjano yale yale ya mchuzi.

Siku zisizolipwa

Sasa tuje kwenye jambo linalonisumbua. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku humu nchini, kikapu kimerudi kwa heshima kidogo. Utakiona sokoni, hotelini, hata mikononi mwa mabibi wa Nairobi ambao zamani wangekionea haya. Hilo ni jema. Lakini mnunuzi anapobishana bei huuliza kusuka kulichukua siku ngapi. Haulizi kuhusu kuanika. Zile asubuhi na jioni za kuanika na kuanua, kukimbizana na mvua, kugeuza na kunusa, hazimo katika hesabu ya mtu yeyote, na mara nyingi hazimo hata katika hesabu ya msukaji mwenyewe, kwa sababu huzifanya huku akipika na kulea.

Matokeo yake si magumu kuyakisia. Mtu akiharakishwa kuleta bidhaa nyingi kwa tarehe fulani, kitu cha kwanza kupunguza ni siku zisizolipwa. Kapu lililosukwa kwa jani lililokauka nusu hupendeza siku ya kuuzwa. Huachana mshono nyumbani kwako, ama huota kuvu kabatini, nawe wasema: hivi vitu vya kienyeji havidumu, heri nailoni. Kumbe kilichokosekana ni siku mbili za jua ambazo hukutaka kuzilipia.

Mti wenyewe nao unasongwa. Mkoma hugemwa tembo, na mgema hukata ncha ile ile yenye kiini. Akigema bila kuacha ncha nyingine, shina lote hufa. Vichaka hufyekwa kwa ajili ya mashamba na viwanja. Mikoma hukua polepole, na majani machanga yakikatwa mfululizo bila kuachwa mengine yachanue, mti hudhoofika kwa kukosa chakula. Jani ndilo jiko la mti.

Kuhusu wasichana, wapo wanaolalamika kwamba wanakwenda shule na hawakai tena uani kujifunza kusuka. Mimi sioni ubaya wa shule hata kidogo. Ila nashangaa kwamba mtoto wa Siyu huweza kufundishwa darasani kuhusu kukauka kwa vitu, uvukizi na unyevu wa hewa, kwa mfano wa nguo kwenye kamba, wakati nyanya yake anafanya somo zima barazani kila kaskazi. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, una kazi za mikono na huwataka watoto watumie vitu vya mazingira yao. Mwalimu anayemwalika nyanya mmoja darasani kwa saa moja atakuwa ameokoa vitabu vingi.

Ukinunua kitu cha miyaa, basi, usitazame rangi pekee. Kinuse: kikinuka uvundo, kiache. Kikunje pembeni usikie. Tazama kati ya ukili na ukili kama mwanga unapenya. Kikikushinda bei, nunua kidogo, lakini usimwambie mama wa watu kwamba ni majani tu. Kikilowa mvua, kikaushe kivulini mahali penye upepo, wala si juu ya jiko. Kikikatika mkono, kinyunyizie maji kabla ya kujaribu kuushona.

Wasioweza kufika Pate mwaka huu wanaweza kujaribu hapo hapo Buruburu au Umoja kwa maganda ya mahindi, yale ya kijani ambayo mchoma mahindi hutupa kando ya barabara. Omba maganda ya mahindi kumi. Nusu yachane na kuyasokota leo hii yakiwa mabichi, kwa namna ile niliyoeleza, hadi upate kamba ya urefu wa mkono. Nusu yaanike dirishani, uyaanue kila jioni, hadi yalie kama karatasi. Yanyunyizie maji usiku, asubuhi usokote kamba nyingine ya unene ule ule. Zitundike zote mbili msumarini kwa juma moja, kila moja na jiwe la kilo moja. Watoto waandike daftarini kila siku wanachokiona. Jumapili ijayo, kabla ya kuzishusha, pitisha ncha ya penseli kati ya nyuzi za kila kamba, uone ni ipi inayoiruhusu kuingia.